Maikrofoni Moja

Maikrofoni ya pili ilikufa mwezi wa tatu.
Bosi akasema subirini, kahawa ikipanda bei matangazo yatarudi.
Kwa hiyo Kanoni Khaukha na Rabi Asafu Mudoma
walibanana kwenye moja, goti kwa goti,
kola nyeupe na kofia ndogo ya kufumwa,
wakivutiana sponji nyeusi
kama wazee wenye mrija mmoja kwenye chungu cha malwa.

Mimi nyuma ya kioo, na Kiswahili changu cha Malaba,
mkono kwenye swichi, Mbale nzima masikioni:
matangazo ya vifo, mbolea, ng'ombe aliyepotelea Nakaloke,
kisha wao.

Rabi haangalii saa ya ukutani.
Anaangalia dirisha, anaangalia Wanale,
jinsi mwanga unavyoukwea ukuta wa mlima.
Ukifika maporomokoni anafunga daftari.
Sabato haingoji tangazo la sabuni.

Na walibishana. Msidhani walipakana mafuta
kwa mgongo wa chupa. Jumamosi au Jumapili,
Masihi amekuja au yuko njiani.
"Kama yuko njiani," akasema Kanoni,
"basi amekwama kwenye barabara ya Bududa."
Rabi akacheka hadi mshale wa sauti ukagonga nyekundu.

Ijumaa ile mvua ilipiga bati kwa ngumi.
Simu ikaingia, mama mmoja wa Namanyonyi:
"Swali langu ni la Kanoni.
Miaka ya marufuku, wenzetu hawa wakisali ghalani,
aliyepeleka majina yao gombolola alikuwa nani?"

Kimya.
Redioni kimya ni kosa, sekunde tano nakatwa posho.
Kidole kilikuwa tayari juu ya muziki wa kuzibia.
Nikahesabu tano. Nikahesabu tisa.
Nikausikia mji wote ukinyeshewa
ndani ya maikrofoni moja.

"Baba yangu," akasema Kanoni.
"Alikuwa karani. Mwandiko mzuri.
Ninao huohuo."

Hakuna aliyesema nisamehe, hakuna aliyesema yameisha.
Rabi aliivuta maikrofoni, akairudisha, akaivuta tena.
"Jina la babu yangu lilikuwa la tatu," akasema.
"Mzee alisema, angalau huyu ameliandika sawasawa.
Serikali zote za nyuma zililikosea."
Kisha akageukia dirisha. Mlima haukuwepo, ukungu tu,
naye akajua, kwa njia yake, kwamba muda umekwisha.

Hapandi bodaboda jua likizama.
Mwavuli hafungui, mfuko habebi;
ule wake aliuacha chini ya meza yangu, na vitabu vyake,
na kwao ni mwendo wa saa nzima, nusu yake matope.

Kanoni alikuwa na mwavuli mkubwa wa kampuni ya simu.
Niliwaona kutoka dirisha la ngazi.
Akaukunjua juu ya vichwa viwili.
Rabi akasogea kando, bila neno, akaingia mvuani.
Kanoni akasimama, akautazama ule mwavuli
kama mtu aliyekutwa na kuku asiye wake.
Akaufunga.
Wakaenda hivyo, wameloa chapachapa,
hawagusani, hawasemi,
au walisema, na hapakuwa na mtambo wa kunasa.

Ijumaa iliyofuata walikuja na mafua.
Walikohoa kwa zamu kwenye sponji ileile,
na simu ya kwanza ilikuwa ya mama yule wa Namanyonyi.
Nikaweka kidole kwenye swichi.

"Tangawizi," akasema. "Muichemshe na maganda yake.
Msitie sukari."