Msalaba Puani

Baba hakuinunua. Hilo liandikwe kwanza.
Kampuni iliposhindwa kumlipa miezi kumi na saba,
karani alimsukumia karatasi na ufunguo:
"Mwewa, chukua ile Benzi ya direkta. Tumemalizana."
Miaka kumi na mitatu alikuwa ameiendesha,
mgongo wima, kofia kichwani.
Siku hiyo alifungua kwanza mlango wa nyuma, akakaa,
akatazama kisogo cha mtu asiyekuwepo.
Kisha akashuka kwenda kutafuta mazutu.

Katuba nzima iliisikia kabla ya kuiona:
koro, koro, koro,
kama mzee anayesafisha koo apate kutoa hukumu.
Mwenye duka, ambaye jana hakutujua,
alimwita baba Patroni
na kutupimia unga kwa deni.
Nyota ndiyo iliyokuwa mdhamini.
Sisi tulikuwa na njaa juu ya viti vya ngozi.

Baba alizijua habari za nyota kama wengine wajuavyo ukoo.
Ncha moja nchi kavu, moja maji, moja anga.
Na jina, si la mlima wala la mfalme,
ni la binti mdogo wa mfanyabiashara.
Alinitazama aliposema hivyo.
Tena alisimulia juu ya mke wa mvumbuzi,
enzi za magurudumu matatu,
alivyotoka alfajiri na wanawe, mume yuko usingizini,
akanunua mafuta kwa muuza dawa,
na bomba lilipoziba akachomoa pini ya kofia.
"Safari ndefu ya kwanza, mwanamke ndiye aliyeifanya."
Mama alikuwa anachekecha unga.
"Na alipofika," akauliza, "nani alipika?"

Yako ambayo baba hakusimulia.
Niliyasoma mwenyewe, chuoni:
vita, mateka waliofungiwa viwandani,
wakikaza parafujo kwa mikono ya njaa.
Nilimwambia, garini, tukiwa wawili.
Alizima injini.
Mbele yetu bomba refu la moshi, na ule mlima mweusi wa mabaki.
"Babu yako aliletwa hapa amefungwa kamba," alisema.
"Shaba ikaenda Ulaya bila yeye.
Ikarudi imekuwa rejeta, imekuwa nyaya,
nami nikaisafisha kila asubuhi kwa shati la kazi.
Unataka niichukie kuanzia wapi?"
Sikuwa na jibu. Sina hata leo.

Njia ya Likasi, mwezi wa kumi na mbili, mvua.
Nyuma, kati yetu, bibi harusi wa watu
na shela lililojaa dirisha zima.
Injini ikanyamaza.
"Haiyakufa," baba alisema, "iko nachoka tu."
Akafungua boneti, akapuliza bomba, akatema mazutu, akapuliza.
Mama alishuka matopeni,
akachomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa,
akampa bila neno.
Ikakohoa. Ikakubali.
Hadi Likasi mama alishika kitambaa kwa mkono mmoja
na hakuna aliyethubutu kutaja kofia.

Nyota iliibwa soko la Kenya,
tulipokuwa tunapatana bei ya ndakala.
Ilibaki shina tu, kama jino lililovunjika.
Majuma mawili baba hakutoka.
La tatu, mama alifungua sanduku la chini
akatoa msalaba wa shaba, ule wa kale, mzito kama mtoto mchanga.
Fundi Kabulo aliuchomea puani pa gari,
ncha nne mahali pa tatu.
"Ya nne ni ya nini?" niliuliza.
"Ya chini ya ardhi," baba alisema. "Wao waliisahau."

Jana amekuja mtu wa madini, kutoka Kolwezi,
dola zake ndani ya mfuko wa plastiki.
Ameizunguka mara mbili, amepiga teke tairi,
amesema gari ni la kweli
ila angependa nyota ya kweli, hicho chuma aking'oe.
Baba, ambaye macho yake sasa yanaona ukungu,
aliendelea kuusugua msalaba kwa limau na chumvi.
Mama ndiye aliyejibu.
"Hiyo ni mahari ya mama yangu. Uliza bei yake kwanza."

Ameondoka.
Kuku wamerudi chini ya injini, kwenye joto.