Kamusi Isiyo na A

Niliinama kando ya njia kule Latema
nikainuka na kamusi ya Kiingereza, shilingi themanini.
Haina jalada, haina A, haina B, haina C.
Muuzaji akasema: anzia D, mzee,
hayo mengine utayasikia tu mtaani.

Sasa zamu yangu Kileleshwa ni neno moja kwa usiku.
Naliandika kiganjani kwa kalamu ya kampuni,
nalitafuna pamoja na karanga hadi saa tisa,
majibwa ya Bi. Njambi yakinisikiliza kwa adabu.

Kiingereza hiki kina mambo.
Neno refu kama foleni ya kitambulisho,
na katikati yake herufi imesimama kimya,
haitamkwi, haiulizwi, haiondolewi.
Kwetu kila herufi hula jasho lake.
Hii nikaihurumia. Nikaipa jina langu, Makokha:
yupo getini, magari yanampita,
ila siku akikosekana
kila mtu ataona pana kosa.

Jumanne nikajaza daftari la matukio.
Miaka sita nimeandika: hakuna la kuripoti.
Usiku ule nikaandika vile usiku ulivyokuwa,
nikalimwaga lile la S, silabi tano,
jasho la wiki nzima, wino ukakolea.

Asubuhi simu. Msimamizi Kiptanui. Njoo ofisini.
Daftari li wazi, kidole chake juu ya neno.
"Hili ni tusi?"
"Hapana, afande. Ni kimya tu, ila kimevaa suti."

Nilidhani atacheka. Akafunga mlango.
Akavuta kiti karibu,
sauti ikashuka ikawa ya mtu anayekopa:
binti yake yuko chuo, mwaka wa pili,
siku hizi anajibu ujumbe kwa Kiingereza tu,
na karo itachelewa tena.
"Nitafutie neno, Makokha. Liwe kubwa.
Lisipige magoti."

Nikaitoa kamusi ndani ya koti la mvua.
Nikapekua D, nikapekua R, nikarudi P,
mate yamekauka kidoleni,
naye kanikodolea macho
kama mgonjwa anayengoja majibu ya maabara.

Sikuwa na moyo wa kumwambia
kwamba, nadhani, linaanza na A.