Moto wa Kopo

Daktari wa kifua, pale Bugando, hakuuma maneno:
"Mama, moshi basi."
Akaandika kwenye cheti, MOSHI BASI, akapiga mstari chini,
kana kwamba moshi ni dawa ya kutwa mara mbili
ambayo sasa imefutwa.
Mama akakikunja, akakifunga kwenye pindo la kitenge.
Tukiwa kwenye ngazi akaniuliza,
"Basi usiku nitaota nini?"
Sikujua anauliza moto au ndoto.

Watu wa mbali hudhani Mwanza ni jua na mawe tu.
Waje Isamilo mwezi wa nne,
mvua imetoka ziwani tangu alasiri,
na jiwe lililobeba nyumba yetu
limekunywa baridi kutwa nzima,
usiku linaitapika kupitia sakafu.
Hapo hata soksi za Lugembe zinagombewa.

Jumamosi nikashuka Makoroboi.
Mahali palipopewa jina la vibatari
nikaenda kutafuta moto usio na moshi.
Niliona haya kidogo, kama anayeulizia maji makavu.

Muuzaji, kijana anaitwa Masanilo, akanipangia:
hiki cha ukutani, kina kioo, cha kihoteli;
hiki cha mezani, bakuli tu, watoto watakipindua;
hiki cha chini, bati zito, kinameza makopo matatu ya jeli.
"Dohani hakitaki. Majivu hakina.
Unafungua kopo, unawasha; ukichoka unafunika, kwisha."
Kopo moja, saa mbili na nusu.
Bei aliitaja akiangalia pembeni.

Nikauliza maswali ya mtu mwenye mama.
Ikiwaka, inanuka?
"Kama gongo iliyookoka."
Inakula hewa?
Hapo akaacha mzaha.
"Inakula. Dirisha uliache wazi vidole viwili, hata mvua inyeshe.
Na usiongeze jeli moto ungali hai.
Mchana hauonekani huu, dada. Ulinifanya hivi,"
akanyanyua dole gumba: kovu, halafu nusu ya ukucha.

Nikachukua cha chini, kwa sababu ya kidole kile.

Usiku tulikaa wote. Moto ukasimama,
bluu kwenye visigino, njano kichwani,
ukialika kidogo kidogo kwa chumvi
waliyoutia kiwandani ili ujifanye kuni.
Lugembe akavua soksi.
Mtoto akauliza mahindi yanachomwa upande gani.
Mama peke yake alikaa kama mgeni
aliyewekewa kiti kizuri mno.
Akasogeza uso, akangoja.
Akasogeza tena.
"Hauumi macho," akasema.
Nikadhani anasifu.

Miaka thelathini Kayenze amebanika sangara,
na kabla ya sangara, furu,
juu ya pipa lililopasuliwa, kuni mbichi, macho mekundu,
na hakuna aliyewahi kumuuliza yana nini.
"Tulipomzika Ndaki," akasema,
akiutazama moto, si sisi,
"nilibanika siku tatu mfululizo.
Watu wakasema, Milembe ana bidii."

Sikuwa na neno. Nilikwenda kupima dirisha:
vidole viwili. Nikaongeza cha tatu.
Mvua ikaingia, ikalowesha pazia.

Kesho yake nilirudi kazini nikakuta moto umewashwa
kabla hata giza halijafika kwenye mawe.
Mama kando yake, kisu mkononi,
beseni kati ya miguu,
anamenya vitunguu.
Kilo nzima.
Jikoni, sufuria iliyobandikwa ilikuwa ya chai.

"Vyote hivi vya nini?" Lugembe akauliza.
Nikamkanyaga mguu.
Nikavuta kigoda,
nikachukua kisu cha pili.