Ni Hapo Tu

Jumamosi, Butoyi, kama goti lako litaridhia.
Nimemuuliza Misago, mwenye shamba la kahawa kule juu:
ni mbali? Akanyoosha mdomo kuelekea mlimani,
"Ni hapo tu."
Hapo ya mtu anayepanda na gunia kichwani,
mimi na wewe tuizidishe mara tatu.

Basi tutoke Manyovu saa kumi na mbili, umande haujakauka,
tufike majini saa nne, tuwe tumeshuka kabla ya saa nane;
Machi hii mvua haipigi hodi.
Nitachemsha mihogo. Mgebuka mkavu mmoja,
chumvi ndani ya karatasi ya daftari la mtoto,
chupa mbili za maji; ya kurudia tutachota kulekule.
Ile kanga kuukuu usiiache, tutafungia goti.

Viatu: vile vyenye meno. Sio vya harusi ya Bukuru.

Njia si kali, anasema, ila pana pahala
pa kushika mizizi, kama mtu anayeshika nywele za mlima
huku akiuomba radhi.
Hapo ukichoka tutakaa. Sitahesabu.

Daktari alisema utembee, kidogo kidogo;
hakusema uelekee wapi.
Mwaka mzima umekuwa ukiyasikia yale maji usiku,
upepo ukigeuka, ukidhani ni mvua,
ukinituma nje nikaanue nguo.

Nilianua. Zilikuwa kavu.
Nikasimama palepale uani, nazo mkononi,
nikasikiliza.