Mita Elfu Moja na Mia Mbili

Noelene haandiki kwa kalamu. Wino, anasema,
hulia mvua ikinyesha.
Nami kila mwaka namuuliza: shangazi, mvua ipi?

Tumeanza kupanda jua likizama,
kaskazini ya Queensland, mwezi wa Novemba,
shati limenata mgongoni
na tochi imefungwa karatasi nyekundu
ili tusiwachome macho tunaowatafuta:
posamu weupe, wenyeji wa ukungu,
wenye mkia unaojisokota tawini,
wasioshuka chini kunywa.
Maji yao ni wingu.
Wingu hupita katikati ya majani, huacha jasho lake,
nao hulamba.
Hiyo ndiyo mito yao yote.

Kazi yenyewe nyepesi. Unamulika. Unasubiri.
Kama yupo, macho yake yanakujibu,
makaa mawili juu kabisa, yasiyo na moto chini yake.
Unasema, "Mmoja." Yeye anaandika.

Daftari la zamani, lenye jalada la kijani
lililotafunwa na mende pembeni, linasema:
mita mia tisa, kumi na wanne, mmoja kabeba mtoto.
Mita elfu, *tulichoka kuhesabu.*
Huo ni mwandiko wa marehemu mumewe, Kelvyn.
"Mvivu yule," anasema, kisha ananyamaza hatua kumi.
"Leo ningetoa jino la mbele nichoke vile."

Mita mia tisa, usiku huu: chura mmoja. Popo.
Mita elfu: majani yamejikunja
kama viganja vinavyoficha senti.

Kilikuwapo kiangazi kimoja, siku nne mfululizo,
joto halikushuka hata usiku.
Siku ya tano Noelene aliokota kitu chini ya mti,
akakiviringisha kwenye taulo la jikoni,
akakiweka ndani ya friza kati ya mkate na samaki
mpaka watu wa chuo kikuu walipokuja kukichukua.
Ilipita wiki tatu.
Kila alipofungua kutoa mkate, alikisalimu.

Milima haikutani, husemwa, binadamu hukutana.
Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote
nikadhani linahusu binadamu.
Joto likipanda hatua, nao hupanda hatua,
na kule ng'ambo kipo kilele kingine,
kirefu kuliko hiki, wingu limekikalia bado.
Tunakiona. Bila shaka nao wanakiona.
Lakini katikati kuna mashamba ya miwa,
lami, ua wa ng'ombe,
na bonde lenye hewa kama pumzi ya tanuri,
na hakuna mkia mrefu kiasi hicho.

Mita elfu moja na mia moja: wawili.
Nilisema "wawili" kwa sauti iliyonitoka mno
hata wakafumba macho.

Halafu mlima ukaisha.
Sikulijua hilo hapo awali, kwamba mlima huisha,
kwamba kuna jiwe la mwisho unaloweza kulikalia.
Juu yetu ni mnara wa simu tu
na taa yake nyekundu, ambayo kwa sekunde moja
niliihesabu.

Tukamulika saa nzima.
"Andika sifuri," nikamwambia.
Akalamba ncha ya penseli, akaiangalia.
"Sifuri ni ya mtu aliyemaliza kutafuta."
Akaacha kisanduku kitupu, akafunga daftari kwa mpira,
akatumiminia chai iliyokwisha kupoa,
akazima tochi ili betri ipumzike.

Gizani, upande wa mashariki, tawi likatikisika.
Huenda ni upepo; upepo ulikuwapo, kidogo.
Kidole chake kilikuwa juu ya swichi.
Hatukuwasha.