Nduaro wa Jumanne

Don Belisario hakati samaki, anapasua mbao.
Nduaro amelazwa mezani bila kichwa, bila upanga,
urefu wake kitanda cha mtoto,
na msumeno unauliza: hapa? Au hapa?
Unene wa vidole viwili, namwambia, na usiniibie.
Nikikubali pande jembamba nimenunua soli ya kiatu.

Mapande manne. Kila moja lina jicho la mfupa
na pete za nyama zikilizunguka
kama gogo la mti wa nchi yenye mvua.
Hapa Caldera mvua ni habari ya gazeti.

Edgardo ameshuka alfajiri kutoka mgodini.
Siku saba juu, siku saba chini:
ndivyo tulivyooana, ndivyo tulivyozaa.
Nusu ya ndoa yangu iko mita elfu nne angani,
inalala ndani ya kontena na wanaume wanaokoroma.
Ameingia, ameacha buti mlangoni, amesema "haya",
ameketi uani anatazama ukuta.
Ukuta wenyewe hauna kitu. Nimeuangalia.

Antonella ana miaka saba na jino linalocheza.
Anataka kumwonyesha baba yake.
Ngoja, namwambia, tukaushe samaki kwanza.
Tunapangusa kwa kitambaa, mbele, nyuma;
maji yakibaki, mkaa hautachoma, utachemsha.
Mafuta kidogo. Chumvi ya mawe. Basi.
Wifi yangu Maruja hulaza mapande kwenye limau tangu asubuhi,
jioni huyatoa meupe, yameshaiva kwa baridi,
kisha humlaumu muuzaji.

Jiko letu ni nusu pipa
alilolipasua Edgardo mwaka tuliohamia.
Lilimkata hapa, kwenye kidole gumba,
alama ninayoijua kuliko sahihi yake.
Nawasha mwenyewe. Sitaki kumwinua.
Nangoja mkaa uvae majivu,
naweka kiganja juu ya wavu, nahesabu:
moja, mbili, tatu, nne, nakiondoa.

Nduaro anagusa chuma, anapiga kelele.
Sasa ndiyo kazi, na kazi yenyewe ni kutofanya kitu.
Antonella ameshika koleo.
"Nigeuze?"
Bado.
"Amenata, mama."
Amenata kwa sababu hajawa tayari.
Ukimvuta sasa utabaki na ngozi kwenye wavu
na matambara kwenye sahani.
Mwache. Chuma kitamwachia chenyewe,
hakuna atakayekiambia.

Moshi unavuka ua, unamkuta Edgardo pale ukutani.
Hakohoi. Anafumba macho.

Zamani nilikuwa navuta.
Nilimpokea na maswali kama karani wa forodha:
nani kaumia, mlikula nini,
mbona kimya, una mwingine huko juu?
Tulipasuka hivyo Jumanne nyingi,
na usiku nikikwangua chuma peke yangu, kwa brashi ya waya.

Antonella anasukuma kwa ncha ya koleo,
kidogo tu, kama anayeamsha mtu,
na pande linateleza.
Anageuza. Mistari minne ya kahawia, imenyooka.
Upande wa pili dakika tatu.
Hapo ndipo limau, Maruja, popote ulipo. Hapo.

Tunakula uani, na mkate,
na nyanya zilizokatwakatwa pamoja na giligilani na pilipili.
Edgardo anazungusha uma kandokando ya mfupa,
anaunyonya, anauweka ukingoni mwa sahani.
Kisha, akiongea na huo mfupa:
"Alhamisi mwamba ulishuka.
Hakuna aliyekuwa chini yake.
Kikombe changu kilikuwepo."

Namwongezea mkate. Siulizi.

"Kikombe kipi?" anasema Antonella.
"Cha bluu. Kile chako."
Anafikiri. Anatafuna. Anaacha kutafuna,
anaingiza vidole viwili mdomoni,
anatoa kitu kidogo cheupe, kina damu,
anakichunguza juu ya taa ya makaa.
"Huu si mwiba," anasema,
na baba yake, ambaye leo hajacheka,
ananyoosha kiganja apewe akione.