Bili ya Dobi

Naitwa Dorota Wasielewski. Miaka thelathini na mmoja
niliwafulia Wafuachuma, timu ya Kessling,
mji wa kando ya ziwa Erie uliozima matanuri yake
moja moja, kama mama azimavyo taa kabla ya kulala.

Mpira wao una umbo la yai,
hubebwa kwapani, na bado huitwa mpira wa miguu.
Sijawahi kuuelewa. Mimi najua madoa.
Nyasi: siki. Damu: chumvi na maji baridi, upesi.
Machozi hayaachi doa, ndiyo maana hayaaminiki.

Mwezi wa kumi wakamuuza Broussard, namba thelathini na nne.
Si kuuza, karani akanisahihisha, ni kubadilishana.
Kwa nani?
Kwa nafasi mbili za uteuzi, miaka miwili ijayo:
yaani vijana wawili walio shuleni bado,
wanaotumbua chunusi kiooni
wasijue kwamba wao ni bei ya mtu.
Broussard akagoma. Siku tisa alilala ndani ya gari lake
nje ya geti la uwanja, injini ikiunguruma kwa ajili ya joto.
Chama cha wachezaji kikaleta mwanasheria,
ligi ikaleta msuluhishi,
msuluhishi akafungua mkataba ukurasa wa kumi na saba,
na ukurasa wa kumi na saba ukampandisha ndege.
Alipita kunilipa deni la soksi.
Hakuwa na deni.

Mwenye timu, Bwana Hallowell, alitaka uwanja wenye paa.
Halmashauri ikampa paa la maneno.
Mji mmoja wa jangwani ukampa la chuma,
na pango la dola moja kwa mwaka.
Meya wetu akakimbilia mahakamani:
ikiwa serikali yaweza kutwaa shamba la mtu ipitishe barabara,
kwa nini isitwae timu?
Jaji Okerlund akavua miwani.
Timu iko wapi hasa? Nionyesheni kwa kidole.
Mwanasheria wa mji akaelekeza kidole dirishani.
Nje palikuwa na theluji tu, na mtu akisukuma gari lililokwama.

Husemwa tembo wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.
Zetu hazikuumia. Zilikuwa za plastiki.
Walizikunja kama mkeka, wakaondoka nazo.

Malori kumi na moja, saa nane za usiku, taa zimezimwa.
Walibeba makabati, vikombe, mizani ya kupimia wachezaji,
hata mashine yangu ya kukaushia.
Ile ya kufulia ilikuwa inazunguka, wakaiogopa maji.

Asubuhi nikafungua mlango wake: jezi, zimelowa, zinanisubiri.
Nikazianika nje, kwenye waya wa uzio.
Kufikia saa nne zilikuwa zimeganda,
mikono imetanuka, vifua mbele, hazina vichwa,
timu nzima imesimama Mtaa wa Kosciuszko bila mpinzani.
Watu wakaja. Hakuna aliyewaita.
Stan Jablonsky, ambaye hakulia kiwanda kilipomfukuza,
alishika mkono wa namba sabini na mbili;
ukalia kama biskuti, naye akarudi nyumbani akiwa kimya.

Kisha barua, karatasi nzito yenye nembo:
mali ya klabu, jezi arobaini na nne, zirejeshwe ndani ya siku kumi.
Nikahesabu. Arobaini na tano.
Nikahesabu tena, kuanzia upande wa pili wa waya.
Ile ya thelathini na nne haikuwemo katika daftari lao.
Nilikuwa nikiifua tu, kwa mazoea, kila wiki, ikiwa safi.

Nikapiga pasi zao zote. Nikazikunja, kola juu.
Juu kabisa nikaweka bili:
kufua, dola sitini na mbili;
kuanika, bure, upepo ulikuwa wetu.

Huu mwaka wa tatu, hawajalipa.
Siendi mahakamani. Kila mwanzo wa mwezi naituma upya,
kwa stempu yangu, na anwani ya mtumaji
kwa herufi kubwa,
ili huko jangwani awepo mtu, walau karani,
atakayelazimika kusoma: Kessling.